Kuzunguka Outer Hebrides kwa kampavani wakati hali ya hewa imechafuka: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Watu wakiniuliza kuhusu Outer Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Scotland, wanaanza na baridi, ni nyuzi ngapi, watoto wataganda au hawataganda, halafu wanahamia kwenye mvua. Aisee baridi ya kule inavumilika, mwezi wa kwanza pale Stornoway, mji mkubwa wa visiwa hivyo, unacheza kwenye nyuzi 2 mpaka 7 hivi, Glasgow kuna siku ni baridi zaidi. Mvua nayo unavaa koti maisha yanaendelea. Ishu ni upepo. Upepo ndio unaamua feri iondoke au isiondoke, ndio unaamua ulale wapi, uendeshe au utulie, ufungue mlango gani wa gari. Ukilielewa hilo kabla hujalipia chochote, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Mimi nimekulia Tanga, na wazee wetu wa baharini kusi ikichachamaa walikaa pwani wanashona nyavu siku tatu, siku nne, na hakuna mtu aliyewaita waoga. Safari ya kampavani, yani gari unaloendesha na kulala humohumo, kule inataka akili hiyohiyo. Nimeenda mara nne sasa, mara mbili mwezi wa 10, mara moja mwezi wa 3 na mara moja kiangazi, na haya ninayoandika ndio nawaambia ndugu zangu wote wanaotaka kwenda.

Kwa asiyevijua, ni mlolongo wa visiwa magharibi kabisa mwa Scotland, ukivuka kisiwa cha Skye bado unakata bahari tena. Kutoka kaskazini kushuka kusini unakuta Lewis na Harris (kisiwa kimoja chenye majina mawili), North Uist, Benbecula, South Uist, Eriskay, Barra na Vatersay. Magharibi yake ni Atlantiki tupu mpaka Canada, kwahiyo upepo ukija haukuti kitu cha kuupunguza njiani. Miti ni michache, milima mikubwa iko Harris, Clisham ndio mrefu kuliko yote, mita 799.

Hatua ya kwanza: siku za akiba kabla ya ramani

Njia ya baiskeli inayotoka Vatersay mpaka Butt of Lewis, ncha ya kaskazini kabisa ya Lewis, ina maili 185, kama kilomita 297. Mtu akiona hiyo namba anasema siku tatu nimemaliza. Kwenye karatasi sawa. Mimi nakwambia chukua siku 10, na kati ya hizo siku 3 usizipangie kitu chochote, ziache hivyohivyo wazi, hizo ni za upepo. Zisipotumika utakaa ufukweni Luskentyre unaangalia maji ya rangi kama ya Paje, hutapata hasara.

Na usije ukaweka ndege ya kwenda Dar au Nairobi, au siku ya kurudi kazini, au interview, kesho yake baada ya feri ya kurudi. Acha siku mbili kamili. Wanaoumia kwenye safari hizi mara nyingi sio kwamba dhoruba iliwakuta, ni kwamba dhoruba iliwakuta na wana haraka, wanaanza kuendesha kwenye upepo ambao kila mwenyeji kafunga mlango kakaa ndani.

Halafu mwanga. Desemba kule jua linachomoza saa tatu asubuhi imepita kidogo na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri, basi, siku imeisha. Mwezi wa 6 ni kinyume, mwanga unakaa karibu saa 18. Kama hujawahi kuendesha kampavani nenda kati ya mwezi wa 4 na wa 9, dhoruba zipo ila chache na unakuwa na mwanga wa kurekebisha makosa.

Hatua ya pili: feri

Kampuni inayobeba karibu watu wote ni CalMac. Njia kuu ni hizi: Ullapool (bara) kwenda Stornoway (Lewis) kama saa mbili na dakika 45, Uig (Skye) kwenda Tarbert (Harris) na Uig kwenda Lochmaddy (North Uist) kila moja kasoro kidogo ya saa mbili, na Oban (bara) kwenda Castlebay (Barra) karibu saa tano. Katikati ya visiwa kuna feri mbili ndogo, Leverburgh (Harris) kwenda Berneray (kisiwa kidogo kilichounganishwa na North Uist) kama saa moja, na Eriskay kwenda Barra dakika 40. Ile ya Leverburgh iangalie vizuri sana, inapita kwa kukatakata kona katikati ya miamba na mafungu ya mchanga, kwahiyo upepo, ukungu au maji kupwa yote yanaweza kuivuruga. Ikisimama hiyo, visiwa vinakatika nusu mbili, wewe wa Harris huvuki kwenda Uist kwa gari labda urudi Skye ukaanze upya.

Napendelea kuanzia kaskazini, Ullapool–Stornoway, kwa sababu Stornoway ndio mji mkubwa, ina maduka, mafundi, hospitali, na kama hali ya hewa imeanza vibaya unakaa pale bila shida. Halafu unashuka polepole na kumalizia Barra, unatoka Castlebay kwenda Oban. Wengine wanaanza kusini ili upepo wa kusini magharibi uwe mgongoni, hiyo ni hoja ya watu wa baiskeli, kwa gari haina uzito.

Mambo ya kufanya wakati wa kubuku:

Pima gari lako kwa futi ya fundi, urefu mpaka kwenye ndoano ya nyuma au kibebea baiskeli, na kimo mpaka juu ya sola. Andika namba za kweli. Nafasi ya gari kubwa kwenye feri ni chache, ukidanganya sentimita unaweza kuachwa bandarini unawaona wenzako wanaondoka.

Angalia majina. Kuna Uig mbili, moja Skye ambako feri inaondokea, nyingine iko Lewis kabisa ukingoni magharibi. Kuna Tarbert mbili pia, ya Harris na ya Kintyre huko kusini. Ramani ya simu ikikuchagulia isiyo yako utaendesha siku nzima kwenda sehemu siyo. Na ukifika visiwani vibao vingi vinatanguliza Kigaeli, Stornoway ni Steòrnabhagh, Tarbert ni Tairbeart, Leverburgh ni An t-Òb. Yaandike kwenye karatasi bandika kwenye dashibodi.

Namba ya simu unayoweka iwe inayofanya kazi Uingereza maana taarifa za safari kuahirishwa zinakuja kwa meseji. Wakikatisha safari wanakuhamishia nyingine yenye nafasi au wanakurudishia nauli. Wakiandika kwamba safari iko hatarini kuvurugika, ichukulie kama wameshakwambia haipo, nenda kanunue chakula na jaza maji mapema kabla mstari wa magari haujawa mrefu.

Siku ya kuvuka funga mtungi wa gesi kabisa kwenye koki, sio kuzima jiko tu. Zima alamu ya gari, meli ikiyumba itapiga kelele safari nzima na kumaliza betri. Makabati yote funga, vyombo weka chini sakafuni ndani ya taulo. Breki ya mkono na gia. Ukishapanda juu hurudi kwenye gari mpaka mwisho, kwahiyo beba dawa ya kuzuia kutapika, na uinywe kabla meli haijaondoka, ukisubiri mpaka tumbo lianze kupinduka umeshachelewa. Bahari iliyo kati ya bara na visiwa, inayoitwa The Minch, sio ya kuichukulia poa.

Hatua ya tatu: gari lenyewe

Kodi fupi na la chini kuliko unavyotamani. Najua familia inataka kitanda kikubwa na choo na meza, ila kwenye barabara nyembamba na upepo wa ubavuni gari la mita 6 na la mita 7 na nusu ni wanyama wawili tofauti. Van ya paa gumu ni nzuri kuliko ile ya paa la turubai linalonyanyuka. Hilo la turubai usiku wa upepo hulinyanyui kabisa, kwahiyo kama watoto wanalala juu, siku hiyo wote mnabanana chini, fanyeni jaribio nyumbani kama mnaenea.

Leseni: ukiwa na leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda unaruhusiwa kuendesha Uingereza miezi 12 tangu uingie, gari za kawaida hizi zisizozidi tani tatu na nusu. Kampuni ya kukodisha inaweza kuwa na masharti yake zaidi, umri, miaka ya leseni, ulizia. Sisi tumezoea kushoto kwahiyo hatuna tabu, ila ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Congo wanaotoka kwenye kulia wasianze mazoezi kwenye barabara za Harris, wazungukezunguke Inverness kwanza.

Bima isome mwenyewe neno kwa neno. Mikataba mingi haifidii paa, chini ya gari wala milango iliyong'olewa na upepo, na hivyo vitatu ndio vinavyoharibika kule.

Sasa gesi, hapa nikazie. Mitungi ya Uingereza iko ya aina mbili, butane na propane. Butane inaacha kugeuka kuwa mvuke joto likishuka kwenye sifuri, yani mtungi umejaa kabisa halafu jiko haliwaki. Propane inafanya kazi mpaka chini huko kwenye 42 hasi. Safari yetu ya kwanza gari tulilokodi lilikuwa na butane na hakuna aliyetuambia, usiku wa pili pale Ness, kaskazini ya Lewis, hali ikashuka tukakosa chai na hita kwa pamoja, mtoto mdogo tukamlaza katikati yetu na makoti juu. Toka siku hiyo kabla sijasaini nauliza ni propane? Kama sio, wabadilishe au natafuta kwingine. Hita ya dizeli ni bora zaidi kwa sababu inakula wese la tenki la gari na moshi wake unatoka nje.

Kifaa cha kugundua hewa ya mkaa, ile kaboni monoksaidi isiyo na harufu, lazima kiwepo na kiwe kinalia ukikijaribu. Na usiwashe jiko la kupikia kupasha chumba, wala kuingiza jiko la mkaa ndani hata kama limebaki majivu. Kila mtu kwetu anajua habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani hawakuamka. Ndani ya van ni haraka zaidi, chumba ni kidogo.

Betri ya ndani kama ni ya maji ya asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua. Kama ni lithiamu usiichaji ikiwa imeganda chini ya sifuri. Sola kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 1 isahau, jua liko chini sana. Utachaji kwa kuendesha au kwa kulipia umeme kambini, kwahiyo hakikisha una ile waya ndefu ya plagi ya bluu.

Hatua ya nne: kusoma upepo kila jioni na kila asubuhi

Hii ndio hatua yenyewe, zilizobaki zote zinaisaidia hii.

Fungua utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Usiangalie mvua kwanza, wala joto. Angalia namba mbili: kasi ya upepo, na kasi ya ile mipigo ya ghafla. Ya pili ndio inayoangusha gari. Kumbuka nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi, kasi ikiongezeka mara mbili msukumo unaongezeka mara nne, kwahiyo maili 60 kwa saa sio maradufu ya maili 30, inakupiga mara nne.

Kanuni yangu mwenyewe kwa van ya paa la juu ni hii. Mipigo chini ya maili 35 kwa saa naendesha kawaida. Kati ya 35 na 45 naenda safari fupi tu, taratibu, sivuki madaraja ya tuta (barabara zilizoinuliwa kukatiza bahari kati ya kisiwa na kisiwa) yaliyo wazi kama upepo unatoka ubavuni. Zaidi ya 45 siendi popote. Utabiri ukisema zaidi ya 60 nahama mapema, mchana kabla haijaanza, naenda nyuma ya majengo au mjini. Watu wa visiwani wenyewe wanaendesha kwenye upepo mkali kuliko huo, ila wao wana gari ndogo za chini na wanajua kila kona.

Pili angalia mwelekeo, na hasa utakavyogeuka. Mgandamizo mdogo wa hewa ukipita kaskazini ya visiwa, mara nyingi upepo unaanza kusini au kusini mashariki, unapanda, mvua inapiga kwelikweli, halafu ghafla mvua inakata, mbingu inafunguka, na upepo unageukia magharibi na kaskazini magharibi. Watu wanaona jua wanasema imeisha, wanatoka. Haijaisha, mara nyingi ule wa magharibi ndio mkali zaidi na ndio unaoleta mawimbi. Kwahiyo sehemu uliyojificha jioni nyuma ya kilima ukikinga kusini, saa tisa usiku inaweza kuwa ndio mdomoni kabisa mwa upepo. Chagua pa kulala kwa kuangalia upepo wa alfajiri, sio wa jioni.

Kitu kingine nimejifunza kwa mvuvi mmoja pale Lochmaddy: simama upepo ukupige mgongoni, kule kaskazini mwa dunia kitovu cha dhoruba kiko upande wa mkono wako wa kushoto. Kusini mwa ikweta ni kinyume, kulia. Ukiwa huna netiweki na unaona wingu limebadilika, hiyo inakupa picha.

Maonyo yana rangi, njano, chungwa na nyekundu. Njano usiidharau, kwa gari refu njano ya upepo ni ya kukaa. Chungwa na nyekundu hakuna mjadala.

Tatu, maji. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Bamvua ikikutana na mgandamizo mdogo wa hewa bahari inapanda juu ya kawaida, takriban sentimita moja kwa kila milibari moja inayoshuka, na hapo hujaweka mawimbi na upepo unaosukuma maji nchi kavu. Januari 2005 dhoruba ya namna hii ilipiga Uist, na familia moja ya watu watano, vizazi vitatu, walikufa maji wakitoka nyumbani kwao South Uist kutafuta usalama kwa gari karibu na tuta la barabara linalounganisha na Benbecula. Walikuwa wenyeji, watu wa hapohapo. Nikipita pale napunguza mwendo. Na kwa sababu hiyo sivuki tuta lolote, la Benbecula, la Berneray, la Eriskay, la Vatersay, kama mawimbi yanarukia barabarani. Nasubiri maji yapwe.

Hatua ya tano: barabarani

Barabara nyingi ni za upana wa gari moja na kila baada ya umbali kuna kituo cha kupishania chenye kibao. Ukikutana na gari, aliye karibu na kituo ndio anaingia. Kikiwa kushoto kwako unaingia, kikiwa kulia kwako unasimama usawa wake upande wako wa kushoto ili mwenzio ndio azunguke, usikate kwenda kulia. Ukiona gari limekufuata nyuma kwa muda ingia kituoni mpishe, huyo anaenda kazini au anawahi feri, wewe uko likizo. Usipaki kwenye vituo hivyo kupiga picha, hata dakika mbili, hilo ndilo linalowakera wenyeji kuliko yote na wako sahihi. Nyoosha mkono kusalimia kila anayekupisha, kule ni kama hodi.

Ukingo wa barabara ni laini, chini ni udongo wa mboji unaoshika maji. Tairi la nyuma likitoka lami gari linazama taratibu na trekta ndio itakutoa. Bora urudi rivasi mita mia.

Kondoo wanalala barabarani, hasa usiku wakitafuta joto la lami. Spidi maili 30 usiku inatosha kabisa.

Kwenye upepo wa ubavuni shika usukani mikono yote miwili na punguza spidi kabla ya sehemu zilizo wazi: mwisho wa kilima, pengo kati ya nyumba, kichwa cha daraja. Ukitoka kwenye kinga upepo unakupiga ghafla, na ukiingia kwenye kinga usukani uliokuwa umeuvuta unakupeleka upande mwingine, vyote viwili vinatupa gari nje. Daraja la Skye nalo huzuia magari marefu upepo ukiwa mkali, kwahiyo angalia taarifa zake hata kabla hujafika kwenye feri ya Uig.

Milango jamani. Paki pua ya gari iangalie upepo. Fungua mlango mmoja tu kwa wakati, mkono mmoja ukiushika muda wote, na usiwaruhusu watoto wafungue wenyewe. Mlango wa kuteleza ubavuni uliokingwa ndio wa kutokea. Shemeji yangu alifungua mlango wa mbele pale kwenye mnara wa taa wa Butt of Lewis upepo ukitokea nyuma, ukamponyoka mkononi, bawaba zikapinda, tukaufunga kwa mkanda wa mizigo mpaka Stornoway. Fundi alikuwa mzuri sana ila kipuri kilibidi kije kwa feri na feri hazikuwa zinatembea, tukakaa siku nne. Pale Butt of Lewis pia usisogee ukingo wa jabali kwa ajili ya picha, upepo unasukuma halafu unaacha ghafla, na ukiuegemea ukaacha unaanguka mbele.

Dizeli jaza kila tenki likifika nusu. Sheli ni chache na zingine zinafunga mapema.

Hatua ya sita: pa kulala

Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inayoruhusu mtu kupita na kupiga hema karibu popote haihusu gari. Ni ya miguu, baiskeli na hema. Kwa kampavani unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na karibu kila kipande kule kina wenyewe hata kama unaona nyasi tupu, ni malisho ya pamoja ya kijiji. Jamii ya West Harris wametenga sehemu chache za kampavani kulala kwa malipo kidogo, unaweka hela kwenye kisanduku, weka kweli. Makambi yenye umeme yapo ila mengi yanafunga kuanzia mwezi wa 10, piga simu usitegemee ramani.

Zile nyasi za maua kando ya fukwe za magharibi zinaitwa machair, ni mchanga wa makombe uliofunikwa na nyasi. Usipande na gari. Utazama, na alama za tairi zinafungua jeraha ambalo upepo unaendelea kulichimba.

Usiku wa upepo paki upande wa demani, upande uliokingwa na jengo au ukuta mnene, sio chini ya nguzo, sio karibu na takataka za bati au boti iliyopinduliwa isiyofungwa. Pua kwenye upepo. Kivuli cha turubai cha pembeni kisifunguliwe kabisa. Paa chini. Ngazi, viti, zulia la nje vyote ndani. Weka viatu na funguo sehemu moja kila usiku, na dereva asiwe amekunywa, maana unaweza kulazimika kuhama saa nane.

Choo mwaga kwenye vituo vyake tu.

Hatua ya saba: ukavu, chakula, nguo

Watu wanne wakipumua ndani ya van iliyofungwa, asubuhi ukuta unatiririka. Acha tundu la juu wazi vidole viwili hata kama kuna baridi, hita iwe chini lakini iwake muda mrefu, futa madirisha kwa sponji kila asubuhi kabla ya chai. Nguo zilizolowa zisiingie kitandani, chagua kona moja ya mlowano karibu na mlango weka beseni.

Mwavuli acha nyumbani, dakika mbili umevunjika. Koti na suruali za mvua, gambuti, soksi za sufu, na usivae jinzi maana ikilowa haikauki mpaka urudi Glasgow. Kiangazi upepo ukitulia wanatoka usubi kwa maelfu, weka wavu wa kichwa, bei rahisi na unaokoa safari.

Jiko: presha kuka inapunguza gesi na mvuke. Maharage, wali, mchuzi wa samaki, vinapikika vizuri. Weka chakula cha siku tatu ambacho hakihitaji friji wala kupika sana: mkate, karanga, tende, dagaa, samaki wa kopo, na thamosi mbili za chai ya tangawizi ujaze kabla upepo haujapanda, kwa sababu van ikianza kuyumba hutaki maji yanayochemka jikoni. Maji jaza tenki kila ukipata bomba.

Jumapili panga mapema. Lewis, Harris na North Uist ni watu wa kanisa wanaoishika Jumapili kwelikweli, feri ya Jumapili Stornoway–Ullapool yenyewe imeanza 2009 tu na ilizua mabishano makubwa. Siku hizi Stornoway kuna duka kubwa moja linafungua ila vijijini usitegemee kitu, nunua na jaza wese Jumamosi, na usifue na kuanika nguo nje siku hiyo mbele za watu, ni heshima tu. South Uist, Eriskay na Barra ni Wakatoliki, mambo ni laini zaidi.

Waislamu wenzangu, Stornoway una msikiti tangu Mei 2018, ulifunguliwa Ramadhani inakaribia, na jamii yenye asili ya Pakistan imekuwepo mjini miaka mingi. Nyama ya halali beba kutoka Glasgow au Inverness, ukishuka kusini hupati. Ile soseji nyeusi maarufu ya Stornoway ni ya damu, ujue kabla hujaonja.

Siku ya dhoruba yenyewe na ikiharibika

Ukiwa Stornoway nenda makumbusho ya Lews Castle ukaone vipande sita vya sataranji vya Lewis, vingi vilichongwa kwa pembe za walrus, mnyama mkubwa wa bahari ya barafu mwenye meno marefu, vikapatikana kule Uig ya Lewis mwaka 1831. Maktaba, bwawa la kuogelea lenye maji ya moto na bafu, watoto wanasahau kama kuna upepo. Mawe ya Calanais yenye miaka kama 5000 yangoje kesho yake, yamesimama muda wote huo, hayakimbii.

Pakua ramani kwenye simu kabla hujavuka, netiweki inakatika sana. Ukiwa Uingereza tuma neno register kwenda 999, namba ya dharura, kwa meseji, ufuate maelekezo yatakayorudi, hapo simu yako itaweza kuomba msaada kwa meseji hata pale netiweki haitoshi kupiga. Fanya leo, sio siku ya tukio. Mtu akiwa hatarini ufukweni au kwenye majabali piga 999 uombe Coastguard, waokoaji wa pwani, na usimfuate majini.

Gari likizima katikati ya dhoruba, kaeni ndani mmevaa kila kitu, hazadi ziwake, labda kama mko kwenye tuta au usawa wa mawimbi, hapo mnashuka upande uliokingwa mmeshikana mikono na kwenda juu.

Ukirudi bara, wiki hiyohiyo peleka gari lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi yenye presha, bawaba, matairi, waya za breki, chumvi ya kule inakula chuma haraka. Toa magodoro yote yasimame, fungua makabati siku mbili, na kama ni la kukodi piga picha milango na paa ukiwa bado pale bandarini Oban, kabla hujalirudisha.